Basi au Ndege: Umbali Unavyoamua Nani Acheze na Nani

Jumapili inayofuata Sikukuu ya Shukrani, wasichana wa timu za mpira wa wavu katika vyuo vikuu vya Marekani hukusanyika mbele ya runinga kungoja majina. Timu 64 hutajwa. Ratiba ikishatoka, kila mmoja huangalia mambo mawili kwa mara moja: tunacheza na nani, na tunacheza wapi. Sisi tunaofuatilia mashindano hayo kutoka huku, kwa intaneti inayokatika na kwa saa za usiku ambazo mlezi akitukuta macho hatufurahii, tumeona kwamba swali la pili huamua mambo mengi, lakini ndilo linalozungumzwa kidogo zaidi.

Huenda msomaji akashangaa seminari inatafuta nini katika wavu wa wasichana wa Marekani. Jibu la kwanza ni jepesi. Kwetu wavu ndio mchezo wa jioni, hata kama wavu wenyewe umetoboka na mistari imechorwa kwa majivu, na anayeupenda mchezo hupenda kuuona ukichezwa vizuri. La pili, vyuo kadhaa vya Kanisa vimo humo na si vya kusindikiza: Creighton ya Omaha na Marquette ya Milwaukee, vyote vya Wajesuiti, Dayton ya Ohio, na Chuo Kikuu cha San Diego. La tatu ndilo lililotukalisha kuandika. Mashindano haya yanasema yanapanga timu kwa ubora wake. Yanafanya hivyo kwa nusu ya timu. Nusu nyingine hupangwa kwa urefu wa barabara.

Maoni yetu tuyaseme mapema ili asomaye ajue anabishana na nini. Umbali una haki ya kuzingatiwa. Lakini uzingatiwe baada ya timu zote kupangwa kwa ubora, usichukue nafasi ya ubora.

Tueleze kwanza mambo yanavyokwenda. Mashindano ya Daraja la Kwanza huendeshwa na chama cha michezo ya vyuo kiitwacho NCAA. Ubingwa wa kwanza wa wavu wa wanawake chini ya chama hicho ulichezwa mwaka 1981, na tangu 1998 timu zinazoingia ni 64. Karibu nusu huingia moja kwa moja kwa kutwaa ubingwa wa ligi zao, maana vyuo vya Marekani vimejigawa katika ligi zaidi ya 30, kubwa kwa ndogo. Nusu iliyobaki huchaguliwa na kamati. Kamati hiyo ni ya viongozi wa michezo kutoka vyuo na ligi mbalimbali, na mjumbe hutoka chumbani chuo chake kinapojadiliwa. Ni utaratibu mzuri, na tungependa kuuona katika kamati nyingi tunazozijua.

Kwa miaka mingi kamati imeegemea sana kipimo kiitwacho RPI. Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Robo moja ya alama ni asilimia ya mechi ambazo timu yenyewe imeshinda. Nusu nzima ni asilimia ya ushindi ya wapinzani iliocheza nao. Robo ya mwisho ni ya wapinzani wa wapinzani hao. Chukua timu iliyoshinda mechi 24 kati ya 30, yaani 0.800. Wapinzani wake kwa wastani wameshinda 0.600 ya mechi zao, na wapinzani wa wapinzani 0.550. Robo ya 0.800 ni 0.200, nusu ya 0.600 ni 0.300, na robo ya 0.550 ni kama 0.137. Jumla ni 0.637 na ushei.

Angalia hapo vizuri. Robo tatu ya alama zako hutokana na mechi ambazo hukucheza. Unaweza kushinda kila wiki, lakini kama majirani zako ni dhaifu, alama hazipandi. Wenye kipimo hicho wana hoja yao, kwamba kumshinda mnyonge si sawa na kumshinda mbabe, na hoja hiyo hatuipingi. Lakini hapa umbali umeshaingia mlangoni hata kabla ratiba haijapangwa. Chuo kilichoko katikati ya nchi, kuzunguka Nebraska, Iowa, Minnesota, Wisconsin na Indiana, kina wapinzani wakali pande zote, na vingi vyao hufikiwa kwa basi la asubuhi. Lincoln, kilipo Chuo Kikuu cha Nebraska, hadi Omaha, kilipo Creighton, ni mwendo wa saa moja. Madison hadi Milwaukee si zaidi sana. Chuo kilichoko Montana hakina jirani wa namna hiyo. Kikitaka mpinzani wa kukipandishia alama lazima kipande ndege, na bajeti ya wavu katika chuo kidogo hairuhusu ndege nyingi.

Sasa timu 64 zimepatikana. Kamati huchagua 32 zilizo bora na kuzipa namba. Hugawanywa katika kanda nne, na kila kanda ina timu zenye namba 1 hadi 8. Jina la kanda lisimpotoshe msomaji: si kanda za ramani, ni robo nne za ratiba, na timu ya California inaweza kuwekwa katika kanda inayomalizikia Pennsylvania. Zenye namba 1 hadi 4 katika kila kanda, yaani timu 16 za juu, huandaa raundi mbili za kwanza nyumbani kwao, mradi ziwe zimeomba na uwanja uwe wazi. Kwa mwenyeji hukusanyika timu nne: yeye mwenyewe, timu moja yenye namba kati ya 5 na 8, na mbili zisizo na namba. Mwenyeji hucheza na mojawapo ya hizo mbili, yenye namba ya chini hucheza na nyingine, kisha washindi hukutana. Anayebaki huenda kumi na sita bora. Anayeshindwa hata mechi moja amemaliza msimu, na kama yuko mwaka wa nne huenda amemaliza kucheza kabisa.

Utaratibu huu wa namba 32 ulianza mwaka 2022. Kabla ya hapo zilizopewa namba zilikuwa 16 tu, na timu 48 zilizobaki zilimwagwa kwenye ratiba zikifuata barabara. Timu ya 17 kwa ubora nchini ingeweza kukutana na ya 18 katika raundi ya kwanza kwa sababu tu zilikuwa jirani, na Alhamisi au Ijumaa usiku mojawapo ikarudi nyumbani huku timu dhaifu kuliko zote mbili zikisonga mbele kwingineko. Mabadiliko ya 2022 yaliliondoa jambo hilo, na tunayapongeza. Lakini yaliacha nusu ya nyumba bila paa.

Timu 32 zisizo na namba bado hupangwa kwa umbali. Kanuni ni maili 400, kama kilomita 640, ambazo kwetu ni takriban safari ya Dar es Salaam hadi Arusha kwa barabara. Timu iliyo ndani ya umbali huo kutoka uwanja wa mashindano husafiri kwa basi. Iliyo nje hupanda ndege, na tiketi hulipwa na NCAA. Kwa hiyo kamati huelekezwa kupunguza ndege kadiri iwezekanavyo, na timu isiyo na namba hutafutiwa kwanza mwenyeji wa kufikika kwa basi. Kizuizi kikubwa ni kimoja: timu za ligi moja zisikutane katika raundi mbili za kwanza.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kuna timu ya Iowa isiyo na namba, iliyokosa kuwa ya 32 kwa nywele tu. Wajumbe wote wa kamati wanajua ndiyo ya 33. Kuna nyingine ya pwani ya mashariki iliyoingia kwa kutwaa ubingwa wa ligi ndogo, na wote wanajua ndiyo ya 64. Kwa haki ya mpangilio, timu bora kuliko zote nchini ikutane na ya 64, na ya 33 ipewe mpinzani wa hadhi ya katikati. Lakini ikitokea timu bora iko Lincoln, ya Iowa itapelekwa Lincoln kwa sababu basi linafika. Na ya 64 itapelekwa kwa mwenyeji wa 14 au 15, kwa sababu naye ndiye wa karibu.

Hapo wameumizwa watu wawili. Wasichana wa Iowa wamefanya kazi msimu mzima na wamepewa mlima. Na timu bora, ambayo kwa miezi mitatu ilipigania namba moja ili ipate njia nyepesi, imepewa mpinzani mgumu kuliko aliyepewa mwenyeji wa 15. Namba ni ahadi, na hapa ahadi imetimizwa nusu. Halafu mwakani itatokea vilevile, maana Iowa haihami. Kuna timu ambazo wapenzi wake wanaweza kubashiri zitakapopelekwa kabla kamati haijakaa, kwa ramani na rula. Na kwa kuwa majirani wa ligi tofauti hupenda kuchezeana mwezi Septemba ili kuokoa nauli, si ajabu timu ikapewa Desemba mpinzani yuleyule iliyemaliza naye miezi mitatu iliyopita.

Atasema mtu: haya ni mambo madogo, timu ya 33 haiwezi kuwa bingwa hata ikipewa nani. Labda. Lakini katika chuo kisicho na jina kubwa, kushinda mechi moja ya mashindano haya ni jambo la miaka kumi. Kocha hupewa mkataba kwa hilo. Msichana wa sekondari anayechagua chuo hulitazama hilo. Ukimpeleka kila mwaka kwa mbabe yuleyule umemfungia mlango, kisha utasema mwenyewe hana uwezo wa kuingia.

Kuna na suala la kucheza nyumbani, ambalo katika wavu ni zito kuliko watu wanavyodhani. Hakuna upepo wala jua katika ukumbi, ni kweli. Lakini mpokeaji wa sevu huusoma mpira dhidi ya dari, taa na kuta zilizo nyuma yake, na ukumbi wa kigeni humchukua muda kuuzoea macho. Anayeupiga mpira wa kuanzisha naye ana alama zake anazozitazama. Seti ni ya pointi 25, ya tano ni ya 15 tu, na pointi tatu zilizopotea mwanzoni kwa kutozoea huenda zisirudi. Ongeza kelele. Nebraska imekuwa ikijaza ukumbi wake kila mechi tangu 2001, na ule wa Lincoln wanaoutumia sasa una viti zaidi ya 8,000. Hao ndio watu ambao tarehe 30 Agosti 2023 waliujaza uwanja wa mpira wa miguu wa Kimarekani, watazamaji 92,003, kutazama mechi ya wavu ya wasichana. Timu iliyoshuka kwenye basi jana yake inaingia humo.

Na mwenyeji haishii raundi mbili. Siku hizi kumi na sita bora na mechi ya kuingia nne bora huchezwa kwa timu zenye namba moja za kila kanda, kama hazijatolewa. Bingwa anahitaji ushindi wa mechi sita. Mwenye namba moja anaweza kucheza nne kati ya hizo akilala kitandani kwake. Mwaka 2024 Louisville walipata zaidi ya hapo: walikuwa na namba moja katika kanda yao, na fainali zilikuwa zimeshapangwa kufanyika mjini kwao tangu zamani. Walicheza mashindano yote bila kutoka mjini, wakafungwa fainali na Penn State ya kocha Katie Schumacher-Cawley, aliyekuwa akitibiwa saratani msimu huohuo na akawa mwanamke wa kwanza kufundisha timu ikatwaa ubingwa huu. Tumeitazama mechi hiyo zaidi ya mara moja, tunakiri, na si kwa ajili ya makala haya.

Tulihesabu. Tangu utaratibu mpya uanze, katika miaka ya 2022, 2023 na 2024, nafasi za nne bora zilikuwa 12. Tisa zilichukuliwa na wenyeji. Mwaka 2024 wote wanne walipita. Waliovunja nyumba za watu ni watatu: Pittsburgh walipowatoa Wisconsin mjini Madison mwaka 2022, Texas walipowatoa Stanford kwao mwaka 2023 wakaenda kutwaa ubingwa, na San Diego.

San Diego tuwape mistari michache. Mwaka 2022 walikuwa wamepoteza mechi moja tu msimu wote kabla ya mashindano. Ligi yao si ya wakubwa. Wakapewa namba mbili katika kanda ya Stanford, maana yake njia ya kwenda nne bora ilipita Stanford, katika ukumbi wa chuo kilichotwaa ubingwa mara nyingi kuliko kingine chochote. Walikwenda, wakashinda seti tatu kwa mbili, na chuo hicho cha Kikatoliki kikaingia nne bora kwa mara ya kwanza katika historia yake. Walifungwa na Texas katika nusu fainali. Ni hadithi nzuri, na wenye kutetea utaratibu huitumia: mnaona, mwenye uwezo hupita popote. Sisi tunaiona kwa namna nyingine. Mechi ile iliisha katika seti ya tano. Ingekuwa San Diego ndio wenyeji, nani anajua kama ingefika hata ya nne.

Lakini tusiwe mawakili wa upande mmoja. Upo ushahidi unaotupunguzia nguvu. Aprili 2021, kwa sababu ya korona, mashindano yaliyokuwa yafanyike Desemba 2020 yalichezwa yote mjini Omaha, timu 48 badala ya 64. Karibu kila timu ilikuwa mgeni. Kentucky walitwaa ubingwa, wa kwanza kwao. Na timu tatu kati ya nne zilizopewa namba za juu kabisa zilifika nne bora. Tatu kati ya nne, sawasawa na tisa kati ya 12. Mwaka mmoja hauthibitishi kitu, lakini unatosha kumzuia mtu kusema kwamba wakubwa hushinda kwa sababu ya kumbi zao tu. Hushinda kwa sababu ni wazuri, na kwa kuwa ni wazuri hupewa kumbi. Ndiyo maana lawama yetu kubwa haiko juu ya ratiba bali chini yake, kwa zile 32 ambazo hakuna aliyejaribu hata kuzipanga.

Wanaotetea kanuni ya maili 400 wana hoja mbili ambazo tunaziheshimu. Ya kwanza ni masomo. Raundi za kwanza huangukia mwanzoni mwa Desemba, vyuo vingi vikiwa vinakaribia mitihani ya mwisho wa muhula. Msichana anayesafiri saa tano kwa basi anaweza kurudi Jumapili na kuingia mtihani Jumatatu. Anayevuka nchi anapoteza siku mbili. Sisi ni wanafunzi na tunajua mtihani wa Jumatatu ulivyo. Ya pili ni jamaa zao. Mzazi anayeendesha gari lake kilomita 300 atamwona mwanawe akicheza labda mechi ya mwisho ya maisha yake. Tiketi ya ndege iliyonunuliwa siku nne kabla si ya kila familia.

Hoja ya tatu, ambayo ndiyo ya kweli, ni fedha. Hii hatuiheshimu sana.

Mwezi Agosti 2024 ligi za vyuo vya Marekani zilipanguliwa. USC na UCLA za Los Angeles, pamoja na Oregon na Washington, ziliingia ligi ya Big Ten, ambamo wamo Rutgers wa New Jersey na Maryland. Stanford waliingia ACC, ligi iliyopewa jina la pwani ya Atlantiki, ingawa wao wako pwani ya Pasifiki. Sababu ilikuwa fedha za runinga za mpira wa miguu wa Kimarekani. Wasichana wa wavu hawakuulizwa. Tangu hapo mchezaji wa Stanford anaweza kupelekwa Boston au Carolina katikati ya Oktoba, katikati ya muhula, kwa mechi ya kawaida ya ligi, na hakuna anayetaja mitihani. Kisha inafika Desemba, mashindano yenyewe, jambo alilolilia mwaka mzima, na hapo ndipo ndege inakuwa ghali. Tunajua mifuko ni miwili: ya ligi na vyuo upande mmoja, ya NCAA upande wa pili. Lakini msichana ni mmoja, na muhula wake ni mmoja.

Na mfuko wa NCAA si mtupu. Januari 2024 chama kilitia saini mkataba na ESPN wa miaka minane wenye thamani ya dola milioni 920 kwa kurusha mashindano 40, wavu wa wanawake ukiwa mmojawapo. Fainali ya 2023 ilirushwa kwa mara ya kwanza katika ABC, stesheni ambayo Mmarekani yeyote huipata bila kulipia. Mchezo huu umekua. Wakati huohuo kila anayefuatilia anakumbuka Machi 2021, pale mchezaji wa Oregon, Sedona Prince, alipoonyesha kwa simu yake chumba cha mazoezi walichopewa wanawake wa mpira wa kikapu kando ya kile cha wanaume. Chama kiliona aibu, kikaajiri mawakili kuchunguza usawa katika mashindano yake yote. Mpira wa kikapu wa wanaume ndio unaolisha chama, na kamati yake huzipanga timu zote 68 kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho na kuitangaza orodha nzima. Umbali nao huzingatiwa huko, lakini baada ya orodha kuwepo. Kwa hiyo kazi hiyo inawezekana, na kuna watu ndani ya jengo lilelile wanaoifanya kila Machi.

Mtu akitaka kuona kanuni ya maili 400 ikigonga ukuta, aitazame Hawaii. Kutoka Honolulu hadi California ni karibu kilomita 4,000 za bahari. Hakuna basi. Chuo Kikuu cha Hawaii kilitwaa ubingwa mwaka 1982, 1983 na 1987, na watu wa visiwa wanaupenda wavu kuliko karibu mahali popote Marekani. Kila anayekwenda kwao anapanda ndege, na wao wakitoka wanapanda ndege. Timu yao isipokuwa miongoni mwa zile 16 za juu, umbali hausemi wapelekwe wapi, kwa sababu kila mahali ni mbali. Wanapokuwa wenyeji, timu tatu zinapanda ndege badala ya moja. Tunaamini kamati hujitahidi kutolitazama hilo. Lakini utaratibu unaohitaji wajumbe wajizuie kutazama gharama zilizoandikwa mbele yao ni utaratibu unaowatwisha mzigo wasiostahili.

Tunapendekeza nini basi? Hatusemi kila timu ipelekwe popote bila kujali. Tunasema kamati ipange timu zote 64, wa kwanza hadi wa mwisho, na itangaze orodha hiyo Jumapili ileile pamoja na ratiba. Kisha iruhusiwe kuisogeza timu isiyo na namba nafasi chache juu au chini ili kuokoa safari. Chache, ziandikwe ni ngapi. Sisi tungesema nne. Timu ya 33 inaweza kuwa kama ya 37 kwa ajili ya basi, na hakuna atakayelia. Isiwe kama ya 64. Mitihani italindwa kwa sehemu kubwa, maana ndani ya nafasi nne mara nyingi atapatikana jirani. Pasipopatikana, chama kilipe tiketi.

Na iwepo kanuni ya pili, ndogo, isiyo na gharama kubwa: timu isiyo na namba isipelekwe kwa mwenyeji yuleyule miaka miwili mfululizo. Sisi katika mechi zetu za jioni hatuna kamati. Tunagawana timu kwa kuangalia nani amemaliza zamu ya jikoni. Lakini hata sisi, darasa la kwanza likifungwa na la nne Jumanne, Alhamisi tunalitafutia mwingine.

Orodha ikitangazwa, gharama itaonekana. Leo haionekani, kwa sababu asiye na namba hana cha kujilinganisha nacho. Hawezi kusema alistahili mpinzani gani, kwa kuwa hakuna aliyeandika popote kwamba yeye ni wa ngapi. Akilalamika ataambiwa kamati ilimwona sawa na wengine 31, na hana karatasi ya kujibu. Timu ya Iowa ya mfano wetu ikiwa na karatasi yenye namba 33, kocha wake atauliza kwa nini ameletwa Lincoln, na kamati italazimika kujibu kwa sentensi moja: kwa sababu ya nauli. Huenda ni jibu linalotosha. Tungependa tu lisemwe, na Jumapili ijayo ya majina tutaanza kuisoma ratiba kutoka chini, kwenye mistari isiyo na namba, tukiwa na ramani mezani.